Usiache Mbachao

Kiswahili hakikutosheka na neno moja la kitu kinachotandikwa chini ili mtu akae, alale au asujudu. Kilijipatia maneno mengi, na kila neno kikalifunga kwenye tendo lake. Jamvi ni pana na gumu, husukwa kwa miyaa, na kazi yake ni kupokea watu wengi kwa pamoja, harusini au msibani. Mkeka ni mwororo zaidi: ukindu huchanwa mwembamba, husukwa ukili, ukili hushonwa kwa ukili hadi upatikane upana unaotakiwa, kisha pembeni hutiwa taraza. Huo ni wa kulalia na wa kumkalisha mgeni wa heshima. Msala ni mdogo, mara nyingi wa umbo la yai, nao ni wa sala. Busati lilikuja na majahazi kutoka Maskati, likapata nafasi katika vyumba vya wenye uwezo. Mbacha ni mkeka uliochakaa, ambao hata hivyo hautupwi ovyo; huanikiwa karafuu, au huachiwa watoto wauchezee uani.

Tofauti hizi zimeingia hadi katika semi. Mtu anayetumiwa na kila apitaye huitwa jamvi la wageni. Shughuli ikifikia mwisho, jamvi hukunjwa. Miaka ya karibuni, mitaani Dar es Salaam, orodha ya viongozi walioteuliwa imeitwa mkeka, na karatasi ya kubashiri matokeo ya mechi za mpira imeitwa mkeka vilevile. Bashiri moja ikienda kombo, husemwa kwamba mkeka umechanika. Neno limebadilisha mavazi, lakini desturi ya kulifunga kwenye tendo imebaki palepale. Aliyetafuta mkeka kwa msusi wa zamani hakuanza kuulizwa bei. Aliulizwa: wa nini?

Swali hilohilo humpokea leo mtu anayeingia katika duka la vifaa vya mazoezi huko Bethesda, Rockville au Silver Spring, katika viunga vya Washington, D.C. upande wa Maryland. Mikeka ya yoga imesimamishwa kwenye rafu ikiwa imeviringishwa kama kurasa za kitabu ambacho hakijafungwa, na muuzaji, kabla ya kutaja chochote, huuliza mteja anafanya yoga ya aina gani. Kwa mtu aliyekulia Pwani ya Afrika Mashariki, swali hili si geni hata kidogo. Kilicho kigeni ni jibu linalotarajiwa, kwa kuwa jibu hilo humtaka mtu aseme kwa sauti jambo ambalo huenda hajalisema hata moyoni mwake: kwamba anataka kuushughulikia mwili wake mwenyewe, peke yake, kwa saa nzima, pasipo kazi wala ibada.

Mfano mmoja watosha. Mwanamke kutoka Wete, Pemba, amefanya kazi kwa miaka 12 katika nyumba ya kutunzia wazee katika Kaunti ya Montgomery. Kazi yake ni kuinua: kumwinua mzee kutoka kitandani hadi kwenye kiti, kutoka kwenye kiti hadi bafuni, na kumrudisha. Mgongo wake ulianza kulalamika, kisha ukagoma. Mtaalamu wa tiba ya viungo alimwonesha mazoezi kadhaa ya kunyoosha misuli ya kiuno na mapaja, akamshauri aendelee na darasa la yoga la taratibu, tena ajipatie mkeka wake mwenyewe. Nyumbani, chini ya kitanda, alikuwa nao mkeka mmoja wa ukindu, zambarau na kijani, aliosukiwa na mama yake na kupewa siku aliyoondoka. Jambo la kwanza alilofanya ni lile ambalo yeyote angelifanya: aliutoa mkeka wa mama yake, akautandika sebuleni, akaanza.

Ukindu ulimkatalia, na sababu zake zinafaa kuelezwa, kwa kuwa ndizo zinazofundisha namna ya kuchagua. Mkeka wa ukindu umetengenezwa kwa ajili ya mwili uliotulia. Juu ya sakafu ya saruji yenye mikwaruzo, au juu ya udongo uliopigwa, hushika vizuri. Juu ya mbao zilizong'arishwa za fleti ya Kimarekani huteleza, na mtu aliyeinama huku ameegemeza viganja na nyayo hujikuta mikono inakwenda mbele na miguu inarudi nyuma. Pili, hauna unene wa kumsaidia mtu mwenye goti au kiuno kinachouma. Tatu, mitambo ya kupasha joto nyumba wakati wa baridi hukausha hewa mno. Msusi huulowesha ukindu kabla ya kuusuka kwa sababu ukindu mkavu huvunjika. Mkeka uliokaushwa na joto la Januari hukatika palepale unapokunjwa. Mwanamke yule aliona uzi wa taraza umeachia upande mmoja, akaacha. Aliupangusa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, akauviringisha bila kuukunja, akaurudisha mahali pake.

Mkeka wa yoga unaouzwa leo ni kitu kichanga kuliko watu wengi wanavyodhani. Masimulizi yanayorudiwa zaidi humtaja Angela Farmer, mwalimu wa yoga kutoka Uingereza, ambaye viganja na nyayo zake zilikuwa kavu kwa sababu ya upasuaji aliofanyiwa utotoni, hivyo akateleza pale ambapo wenzake walishikwa na jasho lao. Akiwa Ujerumani katika shughuli za kufundisha, alikuta sponji inayowekwa chini ya mazulia ili yasisogee, akakata kipande, akasimama juu yake. Baba yake baadaye akafanya biashara ya vipande hivyo. Yaani mkeka wa yoga ulianza kama kitu cha chini ya zulia kilichopandishwa juu. Kabla ya hapo watu walijinyoosha juu ya sakafu tupu, juu ya mablanketi, au, kama katika mji wa Mysore nchini India, juu ya zulia jembamba la pamba.

Kutokana na asili hiyo, jambo la kwanza la kupima katika mkeka wa yoga ni namna unavyoshika. Anayefuata yoga ya mwendo, ambayo mkao mmoja humiminikia katika mwingine, anahitaji uso usioteleza hata viganja vikilowa. Anayeingia katika vyumba vilivyopashwa joto hadi karibu nyuzi 40 atatokwa na jasho jingi, na kwake mpira pekee hautoshi. Hutandika taulo juu, au huchagua mkeka wenye uso wa gome, lile gome la mti linalotengenezewa vizibo vya chupa, kwa kuwa gome hushika zaidi linapopata unyevu. Anayefuata njia ya B.K.S. Iyengar, ambaye msisitizo wake ulikuwa mpangilio sahihi wa mifupa na viungo, atataka mkeka mwembamba na mgumu ili mguu uijue sakafu. Na yule ambaye yoga yake ni kulala, kupumua na kuuachia mwili, anaweza kujiruhusu unene.

Unene wenyewe ni suala la pili. Mikeka mingi ina milimita 3 hadi 6. Ile ya kusafiria hushuka hadi milimita 1.5, ikakunjwa kama kanga na kuwekwa mkobani. Watu wenye maumivu ya magoti hukimbilia mkeka mnene kabisa, na hapo ndipo hukosea, kwa sababu unene uliozidi ni kama kusimama juu ya godoro: goti hustarehe, lakini kifundo cha mguu huyumba. Mwenye mgongo mbovu hahitaji kuyumba. Afadhali mkeka wa kadiri, na kanga iliyokunjwa mara nne iwekwe chini ya goti pale linapohitajika.

La tatu ni kile mkeka ulichotengenezwa nacho. Ya bei nafuu aghalabu ni ya plastiki aina ya PVC. Hudumu miaka mingi, hushika vizuri, lakini baadhi yake hulainishwa kwa kemikali ambazo watu wengi hawapendi kuzilalia uso, na ikichakaa haiozi. Ya mpira asilia hushika kuliko zote na inaweza kurudi udongoni, ila ni mizito, huweza kufika kilo 3, hunuka majuma ya mwanzo, na haimfai mtu ambaye mwili wake unadhurika na utomvu wa mpira. Ya katani ya Bengali, ile ya kutengenezea magunia, na ya pamba huwakumbusha Waswahili vitu vya nyumbani, lakini hukwaruza au huteleza.

Hata mpira, kwa Mswahili, si kitu kisicho na kumbukumbu. Mwishoni mwa karne ya 19 mpira wa porini, uliogemwa kutoka mimea itambaayo ya jamii ya mbungo, ulikuwa bidhaa ya kusafirishwa nje kutoka bandari za Afrika Mashariki. Huko Kongo ya Mfalme Leopold wa Pili, utomvu huohuo ulidaiwa kwa bunduki, na watu walikatwa mikono kwa ajili yake. Wajerumani nao walipanda mashamba ya mpira katika sehemu za Tanga na Usambara kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwenye kununua mkeka wa mpira asilia huko Rockville hatakiwi kuyabeba hayo yote mgongoni, hasa mgongo ukiwa ndio unaouma. Lakini kuyajua si vibaya.

Mwanamke wa Wete alinunua mkeka wa mpira asilia wa milimita 5, rangi ya bluu iliyokolea. Akampigia mama yake simu, maana binti wa Kipemba hanunui mkeka pasipo mama kupata habari.

"Umenunua mkeka?" mama aliuliza. "Kwani ule niliokupa umekwisha kuwa mbacha?"

"Hapana, mama. Huu ni wa mazoezi. Wa mgongo."

Mama alinyamaza kidogo, kisha akasema ile methali ambayo kila aliyelelewa Pwani ameisikia: "Haya, mwanangu. Usiache mbachao kwa msala upitao."

Nyuma ya methali hiyo palikuwa na hofu ambayo mama hakuitamka, nayo haikuwa ya ukindu. Msikitini, na katika makundi ya simu ya Wazanzibari wa ughaibuni, yoga huzungumzwa kama ibada ya Wahindu iliyovaa nguo za mazoezi. Hoja hiyo si ya kubezwa. Mwaka 2008 Baraza la Taifa la Fatwa la Malaysia lilitoa uamuzi kwamba Waislamu wasifanye yoga iliyochanganyika na nyimbo za ibada na itikadi zake, na uamuzi huo ulijadiliwa mbali na Malaysia. Na ni kweli kwamba yoga ina mizizi ya kidini. Bhagavad Gita, katika sura yake ya 6, inaagiza hata kiti cha mwenye kutafakari: majani ya kusha chini, juu yake ngozi ya paa, juu yake nguo. Inashangaza kidogo kwamba mkeka wa kwanza wa yoga unaotajwa humo ulikuwa wa majani, karibu zaidi na ukindu wa Pemba kuliko mpira wa bluu.

Lakini kuna upande wa pili. Mtafiti Mark Singleton, katika kitabu chake *Yoga Body* cha mwaka 2010, alionesha kwamba sehemu kubwa ya mikao inayofundishwa leo duniani iliundwa katika karne ya 20, kwa kukutana na mazoezi ya viungo ya Ulaya yaliyokuwa yameenea India wakati wa ukoloni. Kwa hiyo darasa la kunyoosha mgongo huko Silver Spring lina undugu na hekalu, na pia lina undugu na uwanja wa mazoezi ya askari. Vijana wa Nairobi waliofundishwa ualimu na Africa Yoga Project, ulioanzishwa mwaka 2007, wameifanya kazi ya kujipatia riziki na kuhudumia mitaa yao. Jambo limepita mikononi mwa wengi, na kila mkono umeacha alama.

Washington yenyewe imeyaweka mambo haya mawili, yoga na Uswahili, mahali pamoja kwa namna ambayo hakuna aliyeipanga. Karibu na jengo la kale la Smithsonian kuna bustani, na chini ya bustani hiyo kuna makumbusho mawili yaliyofunguliwa hapo mwaka 1987: Sackler, ya sanaa za Asia, na Makumbusho ya Taifa ya Sanaa za Afrika. Milango yao iko pande mbili za bustani moja. Kuanzia Oktoba 2013 hadi Januari 2014, Sackler ilikuwa na maonesho makubwa ya historia ya yoga katika sanaa. Mwaka 2018, upande wa pili wa bustani, yakaja maonesho ya sanaa za Waswahili katika Bahari ya Hindi, *World on the Horizon*. Bahari iliyoleta busati kutoka Maskati ndiyo iliyowaleta Wahindu Zanzibar na Mombasa, nao wakaishi ng'ambo ya uchochoro mmoja na watu wa msala kwa vizazi kadhaa, kila mmoja akijua mwenzake anatandika nini na kwa ajili gani.

Hapa ndipo msamiati wa mikeka unapotoa msaada ambao mabishano hayautoi. Kinachoufanya msala uwe msala si majani yake. Ni nia ya anayeutandika na upande anaouelekeza. Pemba na Makka ziko karibu kabisa katika longitudo moja, hivyo huko kibla ni kaskazini moja kwa moja, na katika Kiswahili cha Pwani neno kibla limetumika kwa maana ya kaskazini yenyewe. Huko Maryland kibla ni kaskazini-mashariki. Wakati Kituo cha Kiislamu cha Massachusetts Avenue kilipokuwa kikijengwa, kabla ya kufunguliwa mwaka 1957, walikuwapo walioshangaa kuona jengo halielekei kusini-mashariki, hadi hesabu za umbo la mviringo la dunia zikawatuliza. Mwanamke wa Wete anapotandika msala, anaugeuza pembe ya chumba. Anapotandika mkeka wa mpira, anaulaza sambamba na mbao za sakafu, ukielekea dirishani. Ni mikeka miwili na matendo mawili, na mwili wake unajua tofauti kabla akili haijaulizwa. Mtume mwenyewe, kwa mujibu wa hadithi zinazojulikana sana, alisali juu ya mkeka mdogo wa makuti ya mtende, na mafundisho yanataka mahali pa sala pawe twahara, bila kutaja aina ya uzi.

Methali ya mama nayo yastahili kusomwa kwa makini, kwa sababu hutumiwa mara nyingi kukataza lisilokatazwa humo. Haisemi usinunue msala. Haisemi usiuguse upitao. Inasema usiache mbachao. Kosa linaloonywa ni kutupa, si kuongeza. Mhamiaji aliyeambiwa kwamba kila kipya anachokishika ni cha zamani anachokiacha amesomewa methali nusu.

Baridi iliyofuata, habari za msiba zilifika kutoka Wete: mjomba amefariki. Kwa kuwa hakuna aliyeweza kusafiri kwa wakati, matanga yalikaliwa katika fleti ile ya Silver Spring. Neno matanga lina umri mrefu. Tanga ni la chombo, na tanga la mtepe, jahazi la kushonwa la Pwani ya Lamu, lilikuwa la majani yaliyosukwa. Na wapo wanaolihusisha neno la msiba na ile mikeka inayotandikwa na kulaliwa na waombolezaji. Mkeka ulikwisha kuwa chombo cha safari na cha kilio kabla haujafika duka la Rockville.

Wanawake walikuwa wengi kuliko mazulia. Mkeka wa zambarau na kijani ulitandikwa katikati, ukiwa umetiwa maji tangu asubuhi ili usikatike. Misala ikatandikwa pembeni. Bado nafasi haikutosha, na binti wa nyumba, mwenye miaka 9, bila kuagizwa na mtu, akaingia chumbani akatoka na ule wa bluu, akaunyoosha kando ya ukuta. Bibi mmoja wa Mombasa, mwenye nyonga mbovu, akaukalia wa kwanza. Akaubonyeza kwa kiganja, akautazama, akauliza unaitwaje.

"Mkeka, bibi," mtoto akajibu.

Bibi akakubali. Khitima ikasomwa hadi usiku, na asubuhi yake mkeka wa bluu ulipanguswa kwa siki na maji, ukaanikwa juu ya bomba la kuogea, kwa kuwa mpira ukianikwa juani hupasuka. Jioni mgongo ulihitaji tena kunyooshwa, maana siku tatu za kukaa chini zilikuwa zimeukaza. Ule wa zambarau ukaviringishwa na kurudi chini ya kitanda. Upande mmoja wa taraza yake umeachia zaidi, na sasa unamsubiri mtu mwenye sindano na ujuzi wa kuurudishia, kabla haujawa mbacha kweli.